Miembe ya Tabora katika picha ya kijivu

Ifikapo Agosti, ardhi ya Unyamwezi hupauka. Nyasi zimekauka, miti mingi ya miombo imepukutisha majani, tumbaku imeshavunwa na udongo wa mashamba uko wazi. Mwembe hauna habari na hayo. Majani yake hubaki mabichi mwaka mzima na kivuli chake ni kizito. Ndiyo maana picha ya setilaiti iliyopigwa juu ya Tabora wakati huo hujaa vitone vyeusi juu ya ardhi iliyofifia: vingine vimetapakaa, vingine vimesongamana kwenye nyua za watu, na vingine vimejipanga mstari. Mistari hiyo ndiyo shabaha ya makala haya. Sehemu yake ni mabaki ya njia kuu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa mwendo wa kilomita 1,200 hivi, na ambayo Tabora ilikuwa kitovu chake huku bara.

Njia yenyewe haikuacha alama kubwa ardhini. Wapagazi walitembea mmoja nyuma ya mwingine, kwenye kijia chembamba kilichopinda kukwepa gogo, kichuguu au shamba jipya, na kijia cha namna hiyo kikiachwa misimu michache ya mvua hurudi kuwa pori. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, penye Tabora ya leo, Novemba 1857. Livingstone na Stanley wakakaa pamoja Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, mwanzoni mwa 1872. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ikahama kutoka mabegani kwenda kwenye mabehewa. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kati ya vituo hivyo kuna mamia ya kilomita ambako alama inayodumu kuliko nyingine ni mti, na mti nao huzeeka, hukatwa kwa ajili ya mkaa, huangushwa na upepo. Kazi ya kuitafuta mistari hiyo haiwezi kungoja.

Kompyuta inaweza kusaidia. Lakini msaada wake unategemea hatua moja ambayo wengi huipita haraka, nayo ni jinsi picha inavyolainishwa kabla ya kutafutwa chochote ndani yake. Picha yoyote ina mengi kuliko tunayoyataka: mikwaruzo ya kihisio, vichaka, mabati yanayong'aa, vivuli. Kulainisha ni kuyaondoa madogo ili makubwa yaonekane. Hapo ndipo lilipo swali lenyewe: dogo ni lipi? Nitajaribu kuonyesha kwamba tawi la hisabati linaloitwa mofolojia ya kihisabati hujibu swali hilo waziwazi kuliko njia nyingine, na kwamba kwa Tabora jibu hilo haliwezi kutolewa na mtu asiyeijua Tabora.

Tuanze na picha yenyewe. Picha ya kijivu ni jedwali la namba. Kila pikseli ina namba moja. Tuseme 0 ni nyeusi tii na 255 ni nyeupe pe, na kati yake ni vivuli vya kijivu. Setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-2, iliyorushwa kwa mara ya kwanza Juni 2015 na ambayo picha zake hutolewa bure, hupiga kwa pikseli za mita 10 kwa mita 10. Katika mkanda wake wa mwanga mwekundu jani bichi huonekana jeusi, kwa kuwa mmea huunyonya mwanga huo kutengeneza chakula chake, hali udongo mkavu huurudisha. Kwa hiyo mwembe mkubwa ni pikseli moja nyeusi, na safu ya miembe ni uzi mweusi wenye upana wa pikseli moja.

Chukua mstari mmoja wa jedwali hilo, tuuandike kwa namba rahisi:

140, 140, 60, 140, 140, 55, 55, 55, 55, 55, 140, 140, 140

Namba 140 ni udongo. Hiyo 60 iliyo peke yake ni mti mmoja. Hizo 55 tano zilizofuatana ni mita 50 za safu ya miembe. Tunataka mti wa pekee uondoke na safu ibaki.

Njia ya kulainisha inayofundishwa kwanza ni ya wastani: kila pikseli inachukua wastani wake na wa majirani zake wawili. Mti wa 60 unakuwa 113. Lakini majirani zake wawili, waliokuwa udongo mtupu wa 140, nao wanakuwa 113. Mti haukuondoka, umetandazwa kama doa la pikseli tatu. Safu nayo imeumia. Mpaka wake na udongo, uliokuwa ukishuka ghafla kutoka 140 hadi 55, sasa unateremka taratibu: 140, 112, 83, 55. Namba 113, 112 na 83 hazikuwamo kwenye picha. Hakuna kitu Tabora chenye kijivu hicho. Ni zao la hesabu.

Njia iliyo bora zaidi katika ukoo huohuo hutumia uzani wa kengele ya Gauss, ambapo majirani wa karibu wana sauti kubwa kuliko wa mbali. Ukiipanua kengele hatua kwa hatua, unapata mlolongo wa picha kuanzia kali hadi zenye ukungu mzito, na kila hatua ni mizani yake ya kutazamia. Wazo hilo la mizani mingi lilienea baada ya maandishi ya Andrew Witkin mwaka 1983 na Jan Koenderink mwaka 1984, ingawa Mjapani Taizo Iijima alikuwa amelifikia zaidi ya miaka ishirini kabla yao. Ni wazo zuri na lina hisabati imara. Kwa uzi mwembamba, hata hivyo, ni ghali. Uzi wa pikseli moja wenye tofauti ya 85 na udongo wake, ukipitiwa na kengele yenye upana (sigma) wa pikseli 3, hubakiwa na tofauti ya 11 hivi. Miti ya pekee hufifia zaidi ya hapo, ni kweli, lakini hakuna kilichoondolewa na hakuna kilichohifadhiwa. Kila kitu kimepungua kwa kiasi chake, na mipaka yote imesogea.

Njia nyingine ilizaliwa machimboni. Georges Matheron, mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi miaka kadhaa kwenye idara ya jiolojia Algeria, na mwanafunzi wake Jean Serra walikabiliwa mwaka 1964 na mawe ya madini ya chuma kutoka Lorraine, mashariki ya Ufaransa. Walitaka kujua, kwa kulitazama jiwe lililokatwa, jinsi chembe zilivyopangika ndani yake na jinsi zitakavyosagika. Wastani wa kijivu cha jiwe haukuwaambia kitu. Walichohitaji ni kuuliza maswali ya umbo: je, duara la kipimo hiki linaingia ndani ya chembe hii? Je, mstari wa urefu huu unaenea? Kutokana na maswali hayo, na kwa kuegemea jiometri ya kujumlisha maumbo aliyoiacha Hermann Minkowski, wakajenga nadharia nzima, na mwaka 1968 kikaanzishwa kituo cha utafiti wake Fontainebleau, chini ya Chuo cha Migodi cha Paris. Mwanzoni ilishughulikia picha za nyeusi na nyeupe tu. Kuipeleka kwenye kijivu kulifuata baadaye, na Mmarekani Stanley Sternberg ni miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo mbele katika miaka ya 1980.

Matendo yake ya msingi ni mawili, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuyafanya kwa kalamu. Unachagua kidirisha, kwa mfano cha pikseli tatu, unakitembeza juu ya picha. Kila kinapotua, ama unaandika namba ndogo kuliko zote zilizomo ndani yake, ama unaandika kubwa kuliko zote. La kwanza huitwa mmomonyoko: vilele vya mwanga humeguka na weusi husambaa. La pili ni mtanuko: mwanga husambaa na weusi hubanwa. Mtanuko ukifuatwa na mmomonyoko kwa kidirisha kilekile, tendo zima huitwa ufungaji, na kazi yake ni kuziba mashimo meusi yaliyo madogo kuliko kidirisha. Ukianza na mmomonyoko, ni ufunguzi, nao huondoa vilele vyeupe vilivyo vidogo, kama paa la bati katikati ya shamba.

Rudi kwenye mstari wetu wa namba. Mtanuko wa pikseli tatu unaufuta mti wa 60, kwa kuwa kila kidirisha kinachoufikia kina 140 ndani yake. Safu ya pikseli tano inabanwa pande zote mbili, zinabaki 55 tatu. Kisha mmomonyoko unazirudisha zile mbili zilizobanwa, lakini mti uliokwisha kufutwa hauna pa kurudia. Matokeo:

140, 140, 140, 140, 140, 55, 55, 55, 55, 55, 140, 140, 140

Mti umeondoka wote. Safu imebaki yote, mipaka yake palepale, na hakuna namba hata moja ambayo haikuwamo mwanzoni. Ukirudia ufungaji huo mara ya pili, au ya kumi, hakuna kitakachobadilika. Wastani ukiurudia, picha huzidi kuyeyuka.

Hapa ndipo Matheron alipoona chekecheke. Mchimbaji akitaka kujua ukubwa wa kokoto zake huzipitisha kwenye chekecheke za matundu madogo, kisha makubwa, kisha makubwa zaidi, na hupima zilizobaki juu ya kila moja. Zilizobaki haziwezi kuzidi zilizotiwa. Na ukichekecha kwa tundu la 3 kisha la 9, zinazobaki mwisho ni zilezile ambazo zingebaki kwa tundu la 9 peke yake. Matheron aliyageuza hayo kuwa masharti ya kihisabati, akaonyesha mwaka 1975 ni maumbo ya aina gani yanayoyatimiza yanapokuzwa hatua kwa hatua. Kengele ya Gauss haifuati sharti hilo la mwisho: ukungu mdogo ukifuatwa na mkubwa hujumlishana, na picha haisahau kwamba ilipitia ule mdogo. Kwa mtu anayetaka kusema "vitu vyote vifupi kuliko mita 90 nimeviondoa, na virefu sijavigusa", chekecheke ndiyo inayompa haki ya kusema hivyo.

Lakini picha ina pande mbili, na hapo umbo la kidirisha linakuwa jambo kubwa kuliko ukubwa wake. Anayefungua programu ya kuchakata picha kwa mara ya kwanza atakuta kidirisha cha mraba au cha duara kimeshawekwa tayari, na ataona kama ni chaguo lisilo na upendeleo. Si kweli. Mraba wa pikseli tatu kwa tatu hauwezi kuingia ndani ya uzi wa pikseli moja, kwa hiyo ufungaji wake utaifuta safu yote ya miembe, hata kama ina urefu wa kilomita mbili, na utaiacha salama kila kishada cha miembe kilicho uani. Kwa kutumia kidirisha kilichowekwa tayari, mtafiti atakuwa ameifuta njia ya misafara kwa mkono wake kabla hajaanza kuitafuta.

Kinachofaa ni kidirisha cha mstari. Chukua mstari wa pikseli 15, yaani mita 150, ufungie picha mara nyingi, kila mara kwa mwelekeo wake. Kwenye jedwali la pikseli mstari wa urefu huo una mielekeo 28 inayotofautiana. Kisha kwa kila pikseli chukua namba ndogo kuliko zote zilizopatikana. Kitu cheusi kinasalimika iwapo mstari wa mita 150 unaingia ndani yake kwa mwelekeo wowote ule. Miti ya pekee inafutika, vishada vya uani vinafutika, safu inabaki. Msitu wa hifadhi nao unabaki, bila shaka, maana mistari inaingia ndani yake kwa kila upande. Kuuondoa ni rahisi: fanya pembeni ufungaji wa mraba, ule unaofuta vyembamba vyote, kisha toa matokeo ya mistari kutoka kwenye matokeo ya mraba, na popote jibu linapokwenda chini ya sifuri andika sifuri. Msitu ni mweusi katika picha zote mbili, tofauti yake ni sifuri. Mti wa pekee umefutika katika zote mbili, sifuri tena. Kinachong'aa ni kile tu kilicho chembamba na kirefu kwa pamoja.

Njia za zamani hazikunyooka, kwa hiyo mstari mnyoofu una kikomo. Refusha kidirisha hadi pikseli 60 na safu inayopinda kidogo itafutika, wakati tuta la reli litabaki likitamba. Kwa ajili hiyo Henk Heijmans, Michael Buckley na Hugues Talbot walichapisha mwaka 2005 nadharia ya kidirisha kinachojipinda: badala ya mstari mnyoofu, kompyuta inatafuta mapito yote yanayosonga mbele kwa mwelekeo wa jumla huku yakiruhusiwa kuyumba kushoto na kulia kwa pikseli moja kila hatua. Sijui zana nyingine ya aina hii inayolingana na mwendo wa mpagazi kiasi hicho.

Kuna tatizo la pili, nalo ndilo gumu kuliko yote. Safu za miembe zina mapengo. Miti imekufa, imekatwa. Tazama kipande hiki cha safu yenye pengo moja:

140, 140, 55, 55, 140, 55, 55, 140, 140

Ufungaji wa pikseli tatu unakifuta chote, kwa kuwa kila jozi ya miti ni fupi kuliko kidirisha. Lakini ukitanguliza ufunguzi wa pikseli tatu, mambo yanageuka. Lile pengo la 140, likiwa kilele cheupe chembamba, linazibwa, na safu inakuwa 55 tano zilizoungana. Ufungaji ukifuata hapo, safu inasalimika. Matendo ni yaleyale, kidirisha ni kilekile, ila mpangilio tu ndio umeamua kama kuna njia au hakuna.

Jaribu linalokuja haraka ni kusema basi tutangulize ufunguzi siku zote. Lakini ufunguzi huo huunganisha kila kilicho karibu, iwe kiliwahi kuungana au la. Kwenye pori la miombo lililokatwakatwa, ambako miti imesalia mmojammoja, utazaliwa utitiri wa safu ambazo hakuna aliyezipanda. Dawa iliyopendekezwa na Sternberg na kukuzwa na Serra ni kupishanisha kuanzia padogo: ufunguzi mdogo kabisa, ufungaji mdogo kabisa, kisha ufunguzi mkubwa kidogo, ufungaji mkubwa kidogo, na kuendelea. Kila mzunguko unasafisha vya ukubwa wake kabla havijapata nafasi ya kuvichafua vya ukubwa unaofuata. Kupishanisha kuna faida nyingine: ufungaji peke yake huielemeza picha upande wa mwanga, ufunguzi upande wa giza, na kwa kuwa yote mawili hufuata namba moja iliyo ya mwisho ndani ya kidirisha, pikseli moja iliyoharibika inaweza kutawala. Wastani hauna udhaifu huo, na ni haki kuusema.

Hata kwa kupishanisha, bado mtu lazima aamue kama aanze na ufunguzi au ufungaji, na pengo la upana gani bado linahesabika kuwa safu moja. Hapo hisabati inanyamaza. Anayeweza kujibu ni anayejua miembe mikubwa ya Tabora imeachana kwa hatua ngapi, ni kijiji gani kilihamishwa miaka ya 1970 na miti yake ikabaki porini, na ni safu gani ilipandwa na misheni au serikali ya kikoloni kupamba barabara. Mwembe wenyewe ni mgeni aliyeletwa kutoka Asia kupitia pwani, na si wasafiri wa msafara peke yao walioupanda. Kichujio hakiwezi kutofautisha safu ya msafara na safu ya misheni. Kinachotoa ni orodha ya mahali pa kwenda kwa miguu.

Chekecheke hizo zina matumizi mengine mkoani humo. Ukizikuza hatua kwa hatua na kila mara ukapima ni kiasi gani cha weusi au mwanga kimeondoka, unapata mchoro wa ukubwa wa vitu vilivyomo: Petros Maragos aliueleza kwa picha za kijivu mwaka 1989. Kwa Tabora mchoro huo ungekuwa na mwinuko kwenye mita za taji la mti, mwingine kwenye mashamba ya wakulima wadogo wa tumbaku, na mwingine mbali zaidi. Upande wa Urambo, ambako mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulifyeka pori kwa matrekta, mtu angetarajia mistatili mikubwa isiyofanana na chochote alicholima mkulima kwa jembe. Yaani picha moja, ikichekechwa vizuri, inaweza kutenga enzi kwa ukubwa wa alama zake. Hii ni kazi ambayo wanafunzi wa jiografia na historia wangeweza kuifanya pamoja na wale wa hisabati, kwa kompyuta ya kawaida na programu za bure.

Kijivu si lazima kiwe mwanga. Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kiliipima kwa rada sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11, na tangu 2014 vipimo vyake vya kila mita 30 kwa Afrika vinapatikana bure. Hiyo nayo ni picha ya kijivu, ambapo namba ni mwinuko. Rada ile haikufika ardhini penye miti minene, kwa hiyo mwinuko wa porini una urefu wa miti ndani yake, na kingo za misitu huonekana kama ngazi zisizokuwepo. Dawa ya ukoo huuhuu ilishaandikwa kwa vipimo vya leza mwaka 2003: ufunguzi wa vidirisha vinavyokua, ukiondoa kwanza mti, kisha nyumba, na kuuacha uso wa nchi.

Na uso wa nchi wa Tabora ni bapa mno, jambo linaloleta hatari yake. Mwaka 1979 Serge Beucher na Christian Lantuéjoul walionyesha kwamba picha yoyote ya kijivu inaweza kugawanywa kama nchi inavyogawanywa na maji: kila bonde hujaa kutoka chini, na pale maji ya mabonde mawili yanapotaka kukutana, jenga ukuta. Kuta hizo ndizo mipaka. Kwenye nchi bapa kila kishimo cha uongo hudai bonde lake, na picha hupasuka vipande maelfu, hivyo ni lazima kulainisha kwanza. Ila ukilainisha kwa pupa unazifuta mbuga, na mbuga za Unyamwezi si vishimo vya uongo. Huko ndiko maji yanakotuama, na ndiko misafara ilikokata shauri la kulala. Maji ya Ugalla hufuata Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika, na kutoka huko hadi Kongo na Bahari ya Atlantiki. Maji ya Wembere, upande wa mashariki wa mkoa, huenda Ziwa Kitangiri na hayaifikii bahari yoyote. Anayetaka kujua kwa nini njia ilipita hapa na si pale anahitaji ramani inayoziheshimu mbuga hizo, si iliyozipiga pasi.

Umebaki uchaguzi mmoja, wa mielekeo. Mistari 28 inagharimu muda wa kompyuta, na mtu aliyesoma kwamba njia ilikwenda kutoka Tabora hadi Ujiji atashawishika kubakiza ile inayoelekea magharibi tu. Njia iliyonyooka kupita Urambo ilikuwapo, lakini mwaka 1871 mtemi Mirambo aliifunga kwa vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe, eneo lenye Tabora. Stanley alipoondoka Kwihara Septemba mwaka huo alilazimika kushuka kusini, akapita Ugunda na kuzunguka mbali kabla ya kupanda tena kaskazini-magharibi hadi Malagarasi na Ujiji. Misafara mingine nayo ilitafuta mizunguko yake kila vita vilipopamba moto. Anayetafuta miembe ya miaka hiyo aiache mielekeo yote 28 ifanye kazi, na ile ya kusini aitazame kwa makini zaidi.